Klipu za mwezi kwa rivolva ya mashindano: pima ganda kwanza

Ukienda kununua klipu za mwezi, vile vibamba vyembamba vyenye meno vinavyoshika risasi za silinda pamoja ili uzijaze kwa mara moja, ukataja jina la rivolva peke yake, umeuliza nusu ya swali. Klipu inakutana na vitu viwili kwa pamoja: ganda la risasi linaloshikwa na meno yake, na silinda inayoipokea. Muuzaji atakwambia hii ni ya 929, hii ni ya 625, ambazo ni namba za rivolva za Smith & Wesson, na kweli itaingia. Ila kuingia ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Klipu inayoshika vizuri maganda ya kiwanda kimoja hulegea kwenye maganda ya kiwanda cha pili, vichwa vya risasi vikaangalia kila upande. Kwenye maganda ya kiwanda cha tatu haiingii mpaka uilazimishe, na ukishailazimisha umeipinda.

Kwa tunaopiga shabaha huku Tanga jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hatuna rafu ndefu za kuchagulia risasi. Tunapiga ile ambayo muuzaji mwenye leseni ameileta. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuugeuza: tafuta kwanza risasi ambayo una uhakika wa kuipata mwaka mzima, pima maganda yake, halafu ndiyo utafute klipu inayoyafaa. Anayeanza na klipu huishia kuzunguka akitafuta risasi ya kuifuata.

Jambo la usalama na sheria lisemwe mapema. Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mambo ya leseni hupitia polisi. Kabla ya kuagiza klipu kutoka nje muulize muuza silaha mwenye leseni namna ya kuziingiza, usizichomeke tu kwenye mzigo wa spea za pikipiki. Na majaribio yote ninayoyaeleza hapa chini yanafanywa kwa maganda yaliyokwisha kupigwa au kwa risasi bandia. Rivolva iwe tupu, na risasi hai zifungiwe chumba kingine kabisa.

Klipu yenyewe ni kitu cha zamani. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilikuwa vitani na bastola za M1911 hazikutosha, ndipo Colt na Smith & Wesson wakatengeneza rivolva za kutumia risasi ileile ya .45 ACP. Tatizo likawa ganda. Ganda la .45 ACP halina ukingo unaotokeza nje ya kiwiliwili chake, kwa hiyo ile nyota ya kutolea maganda, kile kipande cha katikati ya silinda kinachosukumwa na fimbo, haina pa kulishika. Likapatikana jibu la kipande chembamba cha chuma kinachoingia kwenye mfereji ulio juu ya kitako cha ganda na kushika risasi tatu tatu. Viwili vinajaza silinda. Hiyo ndiyo nusu mwezi. Mwezi mzima, unaoshika risasi zote za silinda kwa mara moja, ulikuja baadaye, na huo ndio uliobadilisha mashindano. Mwaka 1999 Jerry Miculek, mshindani wa Marekani, alipiga risasi 6, akajaza upya, akapiga nyingine 6, vyote ndani ya sekunde 2.99, kwa Smith & Wesson 625 ya .45 ACP. Hakuna mkono unaoweza kasi hiyo kama klipu inakwama kwenye mlango wa silinda.

Nusu mwezi bado zipo na zinafanya kazi, ila kwa mashindano sizipendekezi: ni matendo mawili pale ambapo lingetosha moja.

Rivolva utakazozikuta zaidi mikononi mwa washindani ni za aina tatu. Ile 625 inachukua risasi 6 za .45 ACP. Ile 929 inachukua 8 za 9 mm, na silinda yake ni ya titani. Ile 627 inachukua 8 za .357 Magnum, na inapiga pia .38 Special. Hii ya mwisho ina tabia ya peke yake kwa sababu maganda yake yana ukingo unaotokeza nje, kwa hiyo yanakaa kwenye silinda hata bila klipu, na klipu hapo ni kwa ajili ya kasi tu. Kwenye .45 na 9 mm, ukiweka risasi bila klipu, hata ikikubali kulia utalitoa ganda kwa kijiti. Kabla ya kuchagua kati ya risasi 6 na 8, soma kanuni za divisheni, yaani kundi la mashindano unaloshindania, maana si kila divisheni inakuhesabia nguvu ya risasi sawasawa kwa silinda ya nane.

Urefu wa ganda nao unahusika na uchaguzi. Ganda la .357 Magnum lina urefu wa karibu 32.8 mm, la .38 Special 29.3 mm, na la .38 Short Colt 19.4 mm tu. Wenye 627 wengi wa ng'ambo hupiga hiyo Short Colt kwa sababu ganda fupi huingia upesi, na likishapigwa fimbo ya kutolea hulitoa lote nje kwa msukumo mmoja. Ganda refu hutoka nusu, likabaki linaning'inia mlangoni. Kama Short Colt haipatikani kwako, usihangaike nayo. Jenga mfumo wako juu ya .38 Special ya aina moja na ufanye mazoezi ya kupiga fimbo kwa nguvu, mdomo wa rivolva ukiwa juu.

Kupima ganda

Chukua maganda kumi yenye maandishi yaleyale kwenye kitako. Usichanganye. Maandishi ya kitako ndiyo yanayokuonyesha kiwanda, na kila kiwanda kina namna yake ya kuchonga mfereji. Vifaa ni viwili: venia, kile kipimio chenye midomo miwili, inayosoma 0.01 mm, na filagegi, ile pakiti ya visu vyembamba ambayo fundi wa magari hupimia nafasi ya valvu. Filagegi inapatikana kwenye maduka ya spea pale Ngamiani, hapa Tanga. Angalia tu iwe inaanzia 0.05 mm na visu vyake visiwe na kutu.

Vipimo vya maana ni vitatu. Cha kwanza ni upana wa mfereji, yaani nafasi ambayo jino la klipu litakaa. Midomo ya venia mara nyingi ni minene mno kuingia humo, kwa hiyo tumia filagegi: unganisha visu mpaka upate unene unaoteleza kwenye mfereji bila kusukumwa na bila kucheza. Cha pili ni kipenyo cha chini ya mfereji, pale ambapo jino linakumbatia. Cha tatu ni unene wa ukingo wa kitako, ambao kwa 9 mm unatakiwa uwe kama 1.27 mm. Andika vyote kwa maganda yote kumi. Kama kati ya maganda kumi ya kiwanda kimoja upana wa mfereji unapishana kwa zaidi ya 0.1 mm, risasi hiyo itakusumbua kwa klipu yoyote, na heri ujue sasa.

Sasa unene wa klipu. Klipu za .45 ni nene kuliko za 9 mm na .38, na hata za rivolva moja hutengenezwa kwa unene tofauti tofauti, kuanzia kama 0.5 mm kwa zile nyembamba za .38 hadi kuikaribia au kuipita kidogo 0.9 mm kwa zile za .45. Watengenezaji makini huandika unene na hutaja klipu ipi inafaa maganda ya kiwanda kipi. Asiyeandika unene mpite.

Klipu iwe nyembamba kuliko mfereji kwa 0.05 hadi 0.10 mm. Hicho ndicho ninachokishikilia. Chini ya hapo utahitaji nguvu nyingi kuingiza risasi, na uchafu kidogo tu unazuia. Juu ya hapo risasi zinaanza kulewa, yaani kuyumbayumba kwenye klipu. Na hesabu yake ni rahisi kuifuata: kwenye 9 mm kipenyo cha chini ya mfereji ni karibu 8.8 mm, na kutoka mfereji hadi ncha ya risasi ni kama 27 mm. Nafasi ya 0.1 mm kwenye mfereji inakuwa theluthi ya milimita kwenye ncha. Nafasi ya 0.3 mm inakuwa karibu milimita nzima, na risasi nane kila moja ikiegemea upande wake kwa milimita nzima hazitaingia kwenye matundu nane bila kutafutana.

Wapo wanaotaka klipu isiyocheza hata kidogo. Nawaelewa, kwa sababu klipu ngumu huonekana nadhifu mkononi. Lakini risasi zikibanwa kabisa haziwezi kujirekebisha zenyewe, na tundu moja likiwa limepishana kidogo na jino lake, zote nane zinagoma. Uchezaji mdogo ndio unaoziachia ncha zijipange. Kichwa cha risasi cha mviringo kinasaidia sana hapa, kuliko kile bapa.

Kwenye 627 kuna jambo la nyongeza. Kwa kuwa ukingo wa ganda unakalia uso wa silinda, klipu ikiwa nene kupita kina kilichochongwa katikati ya silinda, inaziinua kingo zote juu. Hapo silinda inafunga kwa shida au inazunguka ikikwaruza ukuta wa nyuma. Klipu ikiwa nyembamba mno haileti kasoro hiyo, ila risasi zinalewa. Kwa hiyo mwenye 627 anapima pande zote mbili, mfereji wa ganda na kina cha silinda, na klipu lazima itosheke na kile kilicho kidogo.

Klipu yenyewe

Nyingi ni za chuma cha springi. Tofauti ninayoijali zaidi ni namna ilivyokatwa. Zilizopigwa kwa kibao cha mashine ya kukandamiza ni za bei nafuu, na nyingine ni nzuri, ila upande mmoja wa ukingo wake huwa umejikunja kidogo na upande wa pili una makali. Makali hayo hukwaruza ganda, na hukudanganya pia kwenye kipimo, kwa sababu venia inasoma unene wa makali badala ya unene wa bamba. Zilizokatwa kwa waya wa umeme zina kingo sawa pande zote na meno yake yanafanana, bei yake ni kubwa zaidi, na kwa siku ya mashindano ndizo ninazozipendekeza. Za plastiki zipo kwa baadhi ya rivolva. Zinaingizwa risasi kwa vidole bila kifaa na hazipati kutu, nazo zinafaa kwa mazoezi.

Klipu mpya ikifika, ifanyie kazi kabla haijagusa ganda. Weka kipande cha kioo kinene cha dirisha juu ya meza, kioo ambacho hakijapinda. Laza klipu juu yake na ujaribu kupitisha kisu cha filagegi cha 0.05 mm chini ya kila jino, moja moja. Kikipita chini ya jino moja na kugoma kwingine, jino hilo limeinuka. Geuza klipu urudie. Klipu iliyo bapa inakataa kisu kila mahali, pande zote mbili.

Makali yanaondolewa kwa jiwe la kunolea lenye mafuta. Paka wino wa maka peni upande mmoja wa klipu, uiache ikauke, kisha uisugue juu ya jiwe kwa mwendo wa duara mara mbili au tatu, kwa uzito wa kidole tu. Tazama wino. Ukiondoka kuzunguka kingo za meno peke yake, umeyapata makali. Ukiondoka katikati ya bamba ilhali kwenye meno umebaki, klipu imebonyea, na kuisugua zaidi ni kuila unene bure. Isimamishe hapo. Msasa usitumie, kwa sababu mikono haiwezi kuukandamiza sawasawa na utazitoa kingo mviringo.

Usipake rangi klipu. Rangi inaongeza unene kwenye mahali pasipo na nafasi ya kuongeza. Namba iandike kwa maka kwenye mkono ulio kati ya jino na jino, na jino la kwanza litie nukta. Namba na nukta hiyo utavihitaji.

Kumchongesha fundi wa mtaani klipu kutoka kwenye bamba ni wazo linalojirudia, na jibu langu ni hapana. Kukata kwa moto kunalainisha chuma cha springi pale pale kwenye meno, na bamba linajikunja likipoa. Klipu ya namna hiyo inashika mara chache, kisha inafunguka.

Ndani ya silinda

Hapa ndipo klipu nzuri na mbaya zinapoachana, na hapa ndipo pa kutumia muda.

Kagua rivolva: silinda wazi, matundu yote tupu, tazama kwa macho na pitisha kidole. Safisha chini ya ile nyota ya kutolea maganda kwa mswaki mkavu. Chembe mbili tatu za baruti isiyoungua zikilala pale zinainua nyota, nyota inainua klipu, na utailaumu klipu isiyo na kosa. Chagua maganda yaliyopigwa ambayo fataki zake, vile vidude vya katikati ya kitako vinavyowasha baruti, hazikutokeza. Pitisha ukucha juu ya kila fataki: usikwame popote.

Jaribio la kwanza ni la kudondosha. Jaza klipu kwa risasi bandia, fungua silinda, elekeza mdomo wa rivolva chini upande ulio salama, na uiachie klipu kutoka urefu wa kidole juu ya matundu. Klipu inayofaa inatumbukia yote kwa uzito wake. Ikigoma, itikise kidogo. Ikiingia baada ya kutikiswa, nafasi kwenye mfereji ni kubwa kidogo au midomo ya matundu ina kona kali. Midomo hiyo hulainishwa na fundi wa silaha anayejua kazi, hasa kwenye 929, maana titani si chuma cha kujaribiajaribia kwa tupa.

Jaribio la pili ni la kuzungusha. Weka klipu yenye maganda matupu, funga silinda. Vuta nyundo nyuma kidogo tu kwa kidole gumba mpaka kile kidoto kinachoifunga silinda kishuke, ishikilie hapo, kisha uzungushe silinda kwa mkono wa pili. Kama nyundo imekatwa mkia, kama zilivyo nyingi za mashindano, vuta kifyatulio kiasi hicho hicho. Silinda inatakiwa izunguke mzunguko mzima kwa uzito mmoja. Ukisikia mahali panaposugua, usikimbilie kuitupa klipu. Kumbuka mahali hapo palipo, fungua silinda, hamisha klipu tundu moja mbele, zungusha tena. Pale panaposugua pakihama pamoja na klipu, kosa ni la klipu, na ile nukta ya jino la kwanza itakuonyesha jino gani. Pakibaki palepale kwenye silinda, kosa ni la rivolva: uchafu chini ya nyota, fimbo ya kutolea iliyopinda, au mkono unaoibeba silinda inapofunguliwa, ukiwa umelegea. Kwenye 929 yapo mahali nane pa kuweka klipu, na klipu ya mashindano ipitishe yote nane.

Jaribio la tatu ni la filagegi tena. Silinda imefungwa, pima nafasi kati ya kitako cha ganda na ukuta wa nyuma, ganda moja baada ya jingine linapopita mahali pale pale. Namba yenyewe inategemea rivolva. Muhimu ni ulingano. Ukipata 0.20 mm kwa maganda saba na 0.08 mm kwa moja, jino la hapo limeinama nyuma, na risasi hai ikivimba kidogo tu kitako chake kitasugua. Ukipata moja lenye nafasi kubwa kuliko wenzake, jino limeinama mbele, ganda limezama, na pini ya kupigia italifikia fataki ikiwa imechoka.

Huko ndiko zinakotoka risasi nyingi zinazogoma kulia kwenye mashindano. Washindani hulegeza springi ya nyundo ili kifyatulio kiwe laini, kisha hutafuta fataki laini, za kiwanda cha Federal zikiwa na sifa hiyo kuliko nyingi. Hilo ni sawa, ila nguvu ya nyundo ikishapunguzwa hakuna akiba ya kulisukuma ganda lililozama mpaka litulie ndipo fataki ipasuke. Nguvu inaishia kwenye kusukuma. Risasi ikigoma, isubiri kwanza kama kanuni za uwanja zinavyotaka, halafu angalia ilikuwa kwenye jino la ngapi la klipu namba ngapi. Zikigoma mara kwa mara kwenye jino lilelile, iondoe klipu hiyo. Zikigoma huku na huko, ni springi au fataki.

Kwenye 9 mm zipo nyakati silinda inaanza kuwa nzito baada ya risasi kadhaa ilhali klipu ziko sawa. Ganda la 9 mm limesinyaa kuelekea mdomoni, kutoka 9.93 mm chini hadi 9.65 mm juu, kwa hiyo linapopigwa hurudi nyuma kwa urahisi na kuegemea ukuta, hasa kama tundu lina mafuta. Matundu yawe makavu siku ya kupiga.

Kutia na kutoa

Klipu nyingi hazifii kwenye silinda. Zinafia mezani, baada ya mashindano, mtu anapotoa maganda kwa bisibisi au koleo. Kuna vifaa vya kutia, vinavyokandamiza risasi zote kwenye meno kwa usawa, na kuna vya kutolea. Cha kutolea kilicho rahisi kabisa ni kibomba chenye ulimi: kibomba kinavikwa juu ya ganda, ulimi unaegemea katikati ya klipu, unazungusha mkono na ganda linachomoka kwa upande, likifuata mlango wa jino. Neno la kulishika ni upande. Jino limetengenezwa lifunguke kwa ubapa wa bamba; ukilivuta ganda juu au chini unalikunja jino nje ya bamba, na hilo ndilo kosa utakalolikuta kesho kwenye kioo.

Ukitia kwa mikono, tia risasi moja, kisha inayoikabili, siyo kuzunguka kwa mfululizo, ili klipu isivutwe upande mmoja.

Uwanjani tandika turubai mahali unapojazia. Klipu iliyojaa ikianguka kwenye saruji au jiwe la matumbawe hutua kwa ukingo wa risasi moja, na uzito wa zile nyingine unalipinda jino hilo. Iliyoanguka hivyo haipandi mkandani siku hiyo mpaka ipite kwenye kioo. Mchanga nao upigwe mswaki nje ya mifereji kabla ya kutia risasi mpya.

Chumvi

Klipu nyeusi za chuma na hewa ya bahari ya Raskazone hazipatani. Wakati wa masika kutu huanza ndani ya kona za meno, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kutu hiyo inaziba nafasi ile ile ya 0.05 mm uliyoitafuta kwa shida. Zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, zikaushe juani kwa dakika chache, zipake oili ya cherehani kwa kitambaa, kisha uzifute mpaka zionekane kavu. Oili ibaki utando tu, isichuruzike, kwa sababu ikifika kwenye fataki inaweza kuiua. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni, yanaganda na kunata. Zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Klipu zilizopakwa nikeli zinastahimili pwani zaidi, ila zipimwe upya, usiamini unene ulioandikwa kwa zile zisizopakwa.

Idadi

Kozi ndefu, yaani hatua ndefu ya shindano, kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, haizidi risasi 32. Kwa silinda ya nane hiyo ni klipu 4 pamoja na iliyomo kwenye rivolva, kama hukukosa hata shabaha moja. Weka 6 mkandani. Kwa silinda ya sita ni klipu 6, weka 8. Kwa siku nzima ya mashindano, klipu 12 zilizopita majaribio yote, zote za toleo moja na unene mmoja, zinatosha kujaza upya kati ya hatua na hatua bila kukimbizana. Mazoezi yawe na zake, 20 au zaidi, na humo ndimo zinamoshukia zile za mashindano zikianza kuchoka. Iliyopinda usiinyooshe uirudishe mkandani. Chuma cha springi kilichokwisha kukunjwa kinarudi kwenye mkunjo wake, na hurudi ukiwa katikati ya hatua. Za mazoezi zitie alama ya rangi nyingine ya maka na zikae kwenye kopo lake, ili asubuhi ya mashindano, taa ikiwa hafifu, mkono usichukue isiyofaa.